Taya la Laetoli na Amana ya Kalamu

Huenda msomaji wa Unguja au Pemba akashangaa kuona safu hii leo inazungumza habari za Karatu na Ngorongoro, nchi za baridi na ukungu zilizo mbali na bahari, na tena inazungumza jambo ambalo kwa desturi huachiwa maprofesa, yaani maadili ya uandishi katika majarida ya kitaaluma. Tunamwomba asubiri kidogo. Jambo hili linamhusu mkulima wa karafuu wa Wete kama linavyomhusu mfugaji wa Endulen, na linamhusu zaidi ofisa wa Serikali ambaye kila mwaka hutia saini vibali vya watafiti.

Tarehe 17 Julai, 1959, katika korongo la Olduvai, Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa kale ambalo baadaye lilikadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni moja na robo tatu. Tarehe 15 Agosti mwaka huo huo, mumewe, Louis Leakey, alilitangaza fuvu hilo katika jarida la Nature la London, akalipa jina la Zinjanthropus boisei. Neno la kwanza limetokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliuita mwambao wetu, na ndilo lililomo ndani ya jina la Zanzibar. Neno la pili limetokana na Charles Boise, mfadhili aliyetoa fedha za uchimbaji. Basi fuvu la Ngorongoro likabeba jina la pwani na jina la mwenye fedha. Hata jina la korongo lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa makosa. Wamasai husema Oldupai, nalo ni jina la katani pori inayoota pale. Mgeni alilisikia vibaya, akaliandika alivyolisikia, na wasomi wakanakiliana kosa hilo kwa miaka mingi mpaka likaenea duniani kote.

Tumeanza na habari hii kwa sababu inaonyesha nguvu ya maandishi. Kilichoandikwa katika jarida la kitaaluma hakifutiki kwa urahisi. Makala ikishachapishwa, wengine huijengea juu yake, vitabu vya shule hunakili kutoka humo, na Serikali hutunga sera kwa kuitegemea. Ndiyo maana majarida hayo yana taratibu zake. Mwandishi hupeleka makala kwa mhariri; mhariri huwapelekea wataalamu wengine wa fani hiyo waipime bila ya upendeleo; kisha ndipo huchapishwa, au hurudishwa. Mwandishi anapaswa aseme kweli juu ya alichokiona, ataje aliyemtangulia, asiibe maneno ya mwenzake, asifiche nani aliyemlipa, na asiandike jina la mtu ambaye hakufanya kazi wala kuliacha jina la aliyeifanya.

Watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa na mgeni maana ya taratibu hizo. Aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu wake anajua kwamba habari haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani, naye kaipata kwa nani, na kila aliyemo katika mnyororo huo awe mtu mwaminifu. Mnyororo ukikatika, habari huwa dhaifu hata kama maneno yake ni mazuri. Wanazuoni wetu waliihesabu elimu kuwa amana. Majarida ya leo yanadai jambo lile lile kwa lugha nyingine.

Sasa tuutazame mkasa mmoja uliotokea katika ardhi yetu wenyewe, kwani ndani yake yamo mambo yote tunayotaka kuyasema.

Mwaka 1974, huko Laetoli, kusini ya Olduvai, Maundu Muluila, mfanyakazi wa kikosi cha Mary Leakey, aliokota taya la kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Taya hilo likapewa namba LH 4. Mwaka 1976 Mary Leakey na wenzake walilieleza katika jarida la Nature. Mwaka huo huo wa 1974, katika nchi ya Afar huko Ethiopia, kikosi cha Mmarekani Donald Johanson kilipata mifupa ya kiumbe wa kike aliyepewa jina la Lucy. Johanson na Tim White wakafikia uamuzi kwamba mifupa ya Ethiopia na ile ya Laetoli ni ya jamii moja. Mnamo Mei 1978, katika mkutano wa wataalamu mjini Stockholm, Johanson alisimama akaitangaza jamii hiyo mpya, akazungumzia na vitu vya Laetoli, hali Mary Leakey mwenyewe yumo ukumbini akingojea zamu yake ya kuvizungumzia.

Baada ya hapo ilikuja makala katika jarida la Kirtlandia, linalotolewa na makumbusho ya mji wa Cleveland, Marekani. Jina la Mary Leakey lilikwisha kuwekwa miongoni mwa watungaji, naye hakukubaliana na jina lililochaguliwa wala na hoja iliyokuwamo. Akadai jina lake liondolewe. Ikabidi makala ichapwe upya, na ikatoka kwa majina ya Johanson, White na Mfaransa Yves Coppens. Kiumbe akaitwa Australopithecus afarensis, yaani wa Afar. Lakini kwa mujibu wa kanuni za elimu ya viumbe, kila jina jipya lazima lifungwe kwenye kielelezo kimoja ambacho ndicho msingi wake. Na kielelezo kilichochaguliwa ni lile taya la Laetoli, LH 4. Kwa hiyo mpaka hii leo jina la Afar limesimama juu ya mfupa wa Tanzania, uliookotwa zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kutoka Afar.

Hatuandiki haya ili kuamua ugomvi wa wataalamu. Huenda Johanson na White walikuwa sahihi kielimu. Wengi katika fani hiyo wamekubali hoja yao. Tunalolitazama sisi ni la kimaadili. Katika mkasa huu mzima walibishana Waingereza, Wamarekani na Wafaransa juu ya nani mwenye haki ya kutangaza na jina la nani liandikwe. Mary Leakey alikuwa na uwezo wa kusema, "Ondoeni jina langu," na akasikilizwa. Je, Maundu Muluila, ambaye jicho lake ndilo lililoliona taya, alikuwa na uwezo wa kusema, "Wekeni jina langu"? Hakuwa miongoni mwa watungaji wa makala ya mwaka 1976 wala ile ya mwaka 1978. Na nchi yenye ardhi, sauti yake ilikuwa wapi?

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, Mkenya Kamoya Kimeu alilipata taya jingine mashuhuri. Alifanya kazi hiyo kwa miongo mingi, akawa miongoni mwa wavumbuzi wakubwa wa mabaki ya binadamu wa kale duniani. Shahada ya heshima ya udaktari alipewa mwaka 2021 na chuo kikuu kimoja cha mji ule ule wa Cleveland. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Heshima inayomfikia mtu baada ya zaidi ya nusu karne ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini si jambo la kujivunia.

Yafaa tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, wakaanza kuweka kanuni za pamoja. Kanuni hizo zilikua, na leo zinasema kwamba mtungaji ni yule aliyetoa mchango mkubwa katika kazi, akashiriki kuiandika au kuisahihisha, akaikubali kabla haijachapwa, na yuko tayari kuijibia. Mwaka 1997 wahariri wa Uingereza wakaunda kamati ya maadili ya uchapishaji, ambayo sasa ina wanachama katika nchi nyingi. Kanuni zipo. Linalotakiwa ni watu wa kuzisimamia, na sisi tusiwe watazamaji tu.

Tena tunao ushahidi kwamba mambo yanaweza kwenda vizuri. Ilipopangwa kujengwa makumbusho mapya huko Laetoli, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitwa kupima athari ya ujenzi. Wakagundua nyayo nyingine za viumbe wa kale, si mbali na zile zilizofukuliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978. Makala yao ilitoka Desemba 2016 katika jarida la eLife, na jina la kwanza katika orodha ya watungaji ni la Fidelis Masao, likifuatiwa na majina ya wenzake wa hapa nchini na wa Italia. Jarida hilo halimtozi msomaji hata senti moja, na huchapisha pamoja na makala maoni ya wale walioipima. Mwaka 2021 tena, watafiti wa Marekani pamoja na Mtanzania Charles Musiba walichapisha habari za nyayo nyingine za Laetoli zilizoonekana tangu mwaka 1976 na kudhaniwa na baadhi ya wataalamu kuwa huenda ni za dubu. Walizifukua upya, wakazipima, wakaonyesha kwamba ni za kiumbe atembeaye kwa miguu miwili. Huo ndio uungwana wa elimu: kurudi mahali pa zamani, kutazama tena, na kusahihisha hadharani.

Lakini mifupa hailalamiki. Mtihani mkubwa zaidi uko kwa watu walio hai. Pembezoni mwa Ziwa Eyasi, katika wilaya ya Karatu na wilaya jirani, wanaishi Wahadzabe, ambao idadi yao haizidi sana watu elfu moja. Ni vigumu kutaja jamii ndogo iliyopimwa na kuandikwa kuliko hiyo. Umepimwa mwendo wao, usingizi wao, nguvu wanazotumia kwa siku, malezi ya watoto wao na kazi ya bibi zao. Na tangu mwaka 2014 zimetoka katika majarida makubwa makala juu ya vijidudu vilivyomo matumboni mwao, kwa kutumia vinyesi walivyovitoa. Utafiti huo unaweza kuwa na manufaa kwa afya ya binadamu wote, nasi hatuupingi. Tunauliza tu maswali ambayo mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza mgeni. Je, yule mwindaji aliyetoa sampuli alielezwa kwa lugha anayoifahamu itakwenda wapi na itafanyiwa nini? Je, alijua kwamba ana haki ya kukataa na asinyimwe kitu? Ikipatikana dawa au biashara kutokana na sampuli hiyo, fungu lake liko wapi? Na makala ilipochapishwa kwa Kiingereza, nani alirudi Mang'ola kumweleza kilichoonekana?

Wenzetu Wasani wa Afrika ya Kusini, ambao nao wamechunguzwa kwa vizazi, walitoa mwaka 2017 kanuni zao wenyewe za utafiti, wakidai heshima, ukweli, haki, kujali na kufuata taratibu. Waliandika kwa maneno mepesi ambayo mtu yeyote anayafahamu. Jamii iliyoonekana dhaifu imewafundisha wenye nguvu adabu. Hapa kwetu hatujafika hapo, ingawa tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia inayotoa vibali na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu inayopima maadili ya utafiti wa afya. Kibali ni mlango wa kuingilia tu. Mtafiti akishaondoka na makala ikachapwa ng'ambo, ni nani anayeangalia kama aliyoyaahidi mlangoni ameyatimiza?

Tena maandishi hayo yana uzito katika maisha ya watu. Eneo la Hifadhi la Ngorongoro lilipoanzishwa mwaka 1959, wakazi wake walikadiriwa kuwa 8,000 hivi. Katika miaka ya karibuni imetajwa idadi iliyozidi 100,000. Kutokana na hoja za wingi wa watu, mifugo na hali ya malisho, mnamo mwaka 2022 familia zilianza kuhamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali ilisema kuhama ni kwa hiari. Baadhi ya wakazi walipinga, na mwaka 2024 walijitokeza hadharani kulalamika. Safu hii haikai leo katika kiti cha hakimu wa jambo hilo. Inasema hili moja: kila upande katika mjadala ule ulishika makala na takwimu mkononi. Basi aliyehesabu ng'ombe kwa kukisia, au aliyeficha kwamba kazi yake imelipiwa na mwenye maslahi, au aliyenakili idadi ya zamani bila ya kwenda kuihakiki, dhambi yake haikubaki kwenye karatasi. Imeingia katika boma la mtu. Ofisa anayeamua kwa kutegemea makala ana wajibu wa kuuliza: nani kaandika, nani kalipa, nani kahakiki?

Dunia imekwisha kuona madhara ya kutouliza. Mwaka 1998 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala iliyotokana na watoto kumi na wawili, ikaleta shaka juu ya chanjo ya surua. Ilibatilishwa mwaka 2010, baada ya kudhihirika kwamba haikuwa ya haki. Katika miaka kumi na miwili hiyo wazazi wengi waliogopa kuwachanja watoto wao, na wapo wanaoogopa mpaka leo.

Hata hivyo, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tusiwanyooshee kidole wageni peke yao, kwani ndani ya nyumba yetu pia pana taka za kufagia. Siku hizi yamezuka majarida ya uongo, ambayo kazi yake ni kuuza nafasi. Mwandishi hutuma makala leo, hulipa kesho, na keshokutwa imechapwa bila ya mtu kuisoma. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon wa jarida la Science alitunga makala ya uongo yenye makosa ya wazi, akaitia majina ya watungaji na vyuo vya Afrika ambavyo havipo, akaipeleka kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Tuone uchungu wa mambo mawili hapo: kwamba zaidi ya nusu ya milango ilifunguka kwa uongo, na kwamba aliyetaka kuwajaribu aliona jina la chuo cha Afrika ndilo lisilozua maswali.

Mteja wa majarida hayo ni nani? Mara nyingi ni mwalimu wa chuo kikuu anayetafuta cheo, naye anajua kwamba kamati itahesabu idadi ya makala bila ya kuzifungua. Wapo pia wakubwa wanaotia majina yao juu ya kazi ya wanafunzi wao, kana kwamba kumsimamia kijana ni kununua shamba lake. Kijana hunyamaza kwa kuwa shahada yake iko mkononi mwa mkubwa huyo. Huo ni unyonyaji, na unyonyaji hautakaswi kwa kuvaa joho. Mtu hawezi kulaani kwamba Maundu Muluila alisahauliwa mwaka 1976, kisha mwenyewe akamsahau mwanafunzi wake leo.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wanaohusika, na tunaitoa bila ya kumung'unya maneno.

Kwanza, vyombo vinavyotoa vibali vya utafiti, Bara na Visiwani, viweke sharti kwamba kila makala itokanayo na kibali hicho ifuatwe na muhtasari wa Kiswahili chepesi, upelekwe kwenye ofisi ya wilaya na kijiji kilichotafitiwa, na usomwe mbele ya wananchi. Asiyetimiza asipewe kibali cha pili. Kiswahili kinao uwezo huo. Kimefundishiwa, kimeandikiwa sheria na kimeandikiwa elimu.

Pili, aliyevumbua atajwe. Mchimbaji, mfasiri, mwongoza njia na mganga wa miti shamba aliyeonyesha mti, kila mmoja aandikwe kwa kiwango cha kazi yake, kama mtungaji au kama msaidizi aliyetajwa kwa jina. Wala tusikubali majina ya mapambo, ambapo Mtanzania hutiwa katika orodha ili kibali kipatikane, hali hakuonyeshwa hata rasimu. Kulikopa jina la mtu asiyefanya kazi ni uongo sawasawa na kuliacha jina la aliyeifanya.

Tatu, vyuo vyetu vikuu vipime uzito wa makala na kuacha kupima urefu wa orodha. Kamati ya vyeo isome walau kazi chache za mwombaji kwa makini. Makala iliyonunuliwa isihesabiwe, na aliyeinunua aulizwe. Na yawekwe mahali pa salama pa kupelekea malalamiko, ili kijana aliyeibiwa kazi yake apate pa kusemea bila ya kuhofia shahada yake.

Nne, majarida yetu wenyewe yaheshimiwe na yasaidiwe. Nchi isiyo na majarida yenye nidhamu hulazimika kuyasikia mambo yake kutoka kwa jirani. Mhariri wa jarida letu anahitaji fedha za uchapaji, wahakiki waaminifu, na uhuru wa kumkatalia hata mkubwa wake makala mbovu.

Kwa wasomaji wetu wa Visiwani tunaongeza neno. Yanayotendeka Eyasi na Laetoli hayakosi kutendeka Unguja Ukuu, Jozani au Chake Chake. Watafiti huja kuchimba miji yetu ya kale, kuchunguza kima punju wetu, kupima damu za watoto wetu na kukusanya tungo za wazee wetu. Tunao mfano mwema wa Mzanzibari Abdurahman Juma, ambaye mwaka 2004 alitoa huko Uppsala, Sweden, kitabu chake juu ya Unguja Ukuu, mtu wa hapa akiandika juu ya udongo wa hapa kwa viwango vya kimataifa. Tuwapate wengine kama yeye. Na mtafiti akija mlangoni pako, mkaribishe kwa ukarimu tulioujua tangu zamani. Lakini muulize jina lake, kazi yake, na siku atakayorudi na majibu.

Fuvu la Olduvai lilisafirishwa kwenda kuchunguzwa nje, na mwaka 1965 likarudi nyumbani Tanzania. Elimu inayotokana na nchi hii, na majina ya watu waliotoa jasho kuipata, nayo ni mali inayopaswa kurudi. Nayo lazima idaiwe.